Kijana anayevuta bangi "ili atafakari" ajibiwe, asifungwe

Zamani kijana akikutwa na msokoto wa bangi alikuwa na jibu moja: kapewa na rafiki amshikie. Siku hizi wapo wanaokwambia waziwazi kuwa wanavuta ili watafakari. Nimeyasikia maneno hayo Majengo, nimeyasikia Kisauni, nimeyasikia na Lamu, tena kwa vijana waliosoma na wanaoswali. Wameona kwenye simu watu wa ng'ambo wamekunja miguu, wamefumba macho, moshi unafuka kando yao, na wameambiwa hiyo ndiyo njia ya kuijua nafsi. Mmoja wao aliniambia: "Ami, kichwa changu kina kelele mchana kutwa. Nikivuta kidogo ndipo naweza kukaa na mawazo yangu."

Sikumkemea, kwa sababu kauli yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kweli tupu: kelele anazo. Hana kazi, nyumbani chumba kimoja analala na ndugu watatu, na simu haimpi nafasi hata ya dakika tano. Ninayoibishia ni ya pili, kwamba bangi inamfundisha kutulia. Mimi si daktari wala si shekhe. Nina stashahada ya ushauri nasaha na miaka kadhaa ya kukaa na vijana barazani, na naliona suala hili limeachiwa polisi na wanasiasa, nalo si lao peke yao.

Tuanze na hali ilivyo. Takwimu za NACADA za mwaka 2022 zilionyesha kuwa Wakenya zaidi ya laki tano wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi. Mwaka huohuo Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiwa na ahadi ya kuihalalisha. Mwaka mmoja kabla, 2021, Jumuiya ya Rastafari ilikwenda Mahakama Kuu Nairobi ikidai wafuasi wake waruhusiwe kuitumia katika ibada na majumbani mwao. Nje ya nchi, Jamaica ililegeza sheria yake mwaka 2015 na kuitambua haki ya Rastafari. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, mwaka 2018, iliamua kuwa mtu mzima anayeitumia faraghani asihesabiwe mhalifu. Mwaka 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa zenye masharti makali zaidi, ingawa iliiacha chini ya udhibiti.

Vijana wetu wanazisoma habari hizi na kuzifasiri kuwa dunia imekiri bangi ni nzuri. Sivyo. Maamuzi hayo yalihusu faragha, uhuru wa kuabudu na matumizi ya tiba. Hakuna mahakama iliyosema kuwa bangi humjengea mtu utulivu. Jambo kuachwa kuwa kosa ni habari moja, na jambo kuwa na manufaa ni nyingine.

Wala hoja ya kuchanganya bangi na tafakuri si mpya, si ya Wazungu wala si ya intaneti. Katika karne ya 13 walikuwepo madarwishi katika nchi za Kiislamu walioitumia hashishi wakidai inawasogeza karibu na Mola. Wanavyuoni hawakunyamaza. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliipinga vikali. Al-Zarkashi, aliyefariki 1392, aliandika risala nzima kuhusu uharamu wake. Kipimo chao hakikuwa jina la mmea. Walitazama unavyoifanya akili. Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 43, waumini wamekatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, mpaka wajue wanachokisema. Tuizingatie sababu hiyo: ajue anachokisema. Ibada inataka mtu awepo.

Hapo ndipo dini na sayansi zinapokutana. Tafakuri, iwe ya Kiislamu au ile inayofundishwa hospitalini tangu Jon Kabat-Zinn aanzishe mafunzo yake ya wiki nane huko Massachusetts mwaka 1979, ina kazi moja kubwa. Unaiweka akili mahali pamoja, kwenye pumzi au kwenye dhikri. Inatoroka. Unagundua kuwa imetoroka. Unairudisha bila kujitukana. Kule kugundua na kurudisha ndiyo mazoezi yenyewe. Kunahitaji umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, na hivyo viwili ndivyo ambavyo THC, kemikali inayolevya ndani ya bangi, huvidhoofisha kwa saa kadhaa baada ya kuvuta.

Sisemi kijana anadanganya anapodai ametulia. Ametulia kweli. Lakini ni kama mtu anayetaka kujua kuogelea, kisha kila siku anavushwa kwa dau. Ng'ambo atafika. Siku dau likikosekana, atazama palepale alipokuwa akizama tangu mwanzo.

Tena dau lenyewe hupandisha nauli. Mwili ukizoea, kiasi cha jana hakitoshi leo. Anayevuta kila siku akiacha ghafla huweza kukosa usingizi, kukasirika ovyo na kuwa na wasiwasi kwa siku kadhaa. Yeye huona huo ni ushahidi kuwa bangi ndiyo ilikuwa ikimpa amani, kumbe yale ni makali ya kuiacha. Hatari iko pia kwa akili yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Psychiatry, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil, ulikuta kuwa wanaovuta kila siku bangi kali wanahusishwa na uwezekano wa karibu mara tano zaidi wa kupata maradhi ya kuchanganyikiwa akili, wakilinganishwa na wasiowahi kuvuta. Si kila mvutaji hupatwa. Lakini msokoto unaouzwa maskani hauna karatasi ya kukuambia ukali wake, na hakuna ajuaye kichwa chake kina udhaifu gani mpaka kimeshaguswa.

Basi kijana akiacha, ashike nini? Hapa lawama inarudi kwetu wazee. Pwani hii haikuwa maskini wa utulivu. Tuna uradi, ambao maana yake ni ibada ya kila siku ya mtu na Mola wake. Tuna Ratibu ya Imamu Abdallah al-Haddad wa Hadhramaut, inayosomwa katika misikiti yetu mingi. Tuna Riyadha ya Habib Swaleh kule Lamu. Al-Ghazali alitenga sehemu katika kitabu chake cha Ihya kuhusu tafakuri, na nyingine kuhusu mtu kujichunga na kujihesabu nafsi. Mali yote hiyo tunayo, ila tumeifanya ya kukimbiza. Ratibu inasomwa mbio ili watu wawahi chakula. Mtoto chuoni anafundishwa makhraji ya herufi, hafundishwi kukaa kimya na alichokisoma. Halafu pale Shela, mgeni analipa pesa nyingi kwenye tamasha la yoga afundishwe kuvuta pumzi, na kijana wa palepale anambebea mizigo.

Ninachowaambia vijana ni chepesi na hakina gharama. Baada ya Alfajiri, kabla ya kushika simu, kaa dakika kumi pahala pamoja, palepale kila siku. Nyoosha mgongo, acha pumzi iende yenyewe, shika istighfari au jina moja la Mola, na kila akili ikitoroka irudishe. Wiki ya kwanza utachoka na utaona kelele zimezidi. Hazijazidi, umezisikia tu. Usiku kabla ya kulala jiulize matatu: leo nimemtendea nani vizuri, nimemuudhi nani, na kesho nitatengeneza lipi. Dakika kumi za kila siku zina faida kuliko saa mbili za mara moja kwa mwezi. Usione vyaelea, vimeundwa. Asiye Muislamu naye ana pumzi na ana alfajiri. Na anayesikia sauti wasizozisikia wenzake, au aliyepita kwenye jambo zito ambalo kimya kinalifufua, huyo aende kwa daktari kwanza.

Kwa wakubwa nina neno pia. Sheria yetu ya mwaka 1994, pamoja na marekebisho ya 2022, bado inamhesabu mhalifu hata anayekutwa na bangi ya kujivutia mwenyewe. Naamini bangi ni haramu, na sioni mgongano kusema kuwa seli si dawa yake. Kijana anaingia rumande na msokoto mmoja, anatoka amejuana na wauzaji wa unga, ana rekodi ya polisi, na cheti cha tabia njema cha kuombea kazi kimeharibika. Kelele za kichwani zimeongezeka maradufu. Tuliona mwaka 2024 jinsi kaunti zetu zilivyopiga marufuku muguka, Nairobi ikapinga, mambo yakaishia mahakamani, na mtafunaji akabaki pale pale kibarazani. Marufuku pekee haijawahi kumpa mtu pa kwenda.

Maimamu wana uwezo wa kuanza bila bajeti ya kaunti. Msikiti usifungwe mara tu baada ya Alfajiri na Isha. Uachwe wazi nusu saa, taa ipunguzwe, kipaza sauti kizimwe, na awepo mtu mzima mmoja mwenye subira ambaye kijana mwenye harufu ya moshi anaweza kukaa karibu naye bila kufukuzwa. Wazazi nao, mtoto akisema kichwa chake kina kelele, wasikimbilie kumpekua mifuko kabla hawajamuuliza ni kelele za nini.