AFYA YA JAMAA: Amelala usiku kucha, mbona amechoka?

Juma hili twataka kusema juu ya neno moja tunalolisikia vijijini na mijini, na mara nyingi husemwa kwa dharau: "Yule ni mvivu tu." Husemwa juu ya mke asiyeweza tena kumaliza sehemu yake shambani. Husemwa juu ya mwanafunzi awekaye kichwa mezani saa nne asubuhi, hali amelala tangu saa mbili za usiku. Husemwa hata juu ya mzee asinziaye wakati wa mahubiri. Lakini shauri la huyo twamwachia padri, maana pengine kosa si la mzee peke yake.

Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa 7 kwa uchache. Mtoto wa shule ya msingi ahitaji saa 9 hata 12, na kijana wa sekondari saa 8 hata 10. Asiyepata kiasi hicho na aanze na dawa isiyouzwa dukani, yaani alale, tena simu yake aiache chumba kingine. Leo hatusemi naye. Twasema juu ya yule anayelala vya kutosha, kisha huamka kama mtu aliyebeba mizigo usiku kucha, naye yu katika hali hiyo juma baada ya juma.

Twajua ya kuwa Kanisa lahesabu uvivu kati ya vichwa saba vya dhambi, wala hatuna nia ya kuufuta katika hesabu hiyo. Lakini uvivu huo ni nini? Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliueleza kuwa ni huzuni ya moyo unaochoshwa na mema ya Mungu. Hakusema juu ya magoti yanayotetemeka kwenye mlima wa kisimani. Tena Mtakatifu huyohuyo, alipoandika juu ya dawa za huzuni, alitaja machozi, huruma ya rafiki, hata usingizi na kuoga. Wazazi na walimu watazame jambo moja rahisi: mtoto mvivu huchoka mbele ya daftari, lakini ukimwita uwanjani kwenye mpira utamwona anaruka. Mtoto mgonjwa huketi pembeni hata kwenye mpira.

Kosa la kuwaita wagonjwa wavivu si la kwetu peke yetu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima maskini walichekwa na nchi nzima kwa uvivu wao. Walikuwa wamekonda, ngozi imepauka, na watoto wao hawakufahamu masomo. Mwaka 1902 mtaalamu Charles Wardell Stiles alitangaza kwamba wengi wao wana minyoo ya safura inayowanyonya damu. Magazeti yakamdhihaki, yakasema amevumbua kijidudu cha uvivu! Lakini maneno yake yalikuwa kweli. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni moja, na mpaka 1914 waganga walizunguka huko na hadubini zao, wakipima choo, wakigawa dawa na kufundisha watu kuchimba vyoo. Mahali palipokuwa na minyoo mingi, watoto walizidi kuhudhuria shule baada ya kutibiwa. Uvivu ule wa mababu ulitoka pamoja na minyoo.

Hata Ulaya waliuona. Wafanyakazi waliochimba njia ya gari moshi chini ya mlima Gotthard, katika Uswisi, kati ya 1872 na 1882, walishikwa na udhaifu mkubwa na wengine wakafa. Mwaka 1880 daktari Perroncito wa Torino alionyesha kwamba asili yake ni minyoo hiyohiyo. Na katika Ubelgiji, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Liège waliugua vivyo hivyo. Basi mtu asiseme kwamba safura ni ugonjwa wa Waafrika.

Minyoo hiyo yaingiaje? Mwenye minyoo akijisaidia porini, mayai huanguka penye udongo wenye unyevu na kivuli, kama migombani, na kutoka kwao hutokea viluwiluwi vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mtu akipita miguu mitupu, hao hutoboa ngozi ya mguu. Profesa Looss alilijua jambo hili kule Kairo, baada ya maji yenye viluwiluwi hao kumwagikia mkono wake mwaka 1898. Hufuata damu mpaka kwenye mapafu, hupanda kooni, humezwa, na mwishowe hujishikiza katika utumbo. Mnyoo mmoja wa namna ile mibaya zaidi humpotezea mtu kama matone matatu au manne ya damu kwa siku. Hesabuni, enyi wanafunzi: minyoo 100 ni kama kijiko kikubwa kizima cha damu, kila siku ya Mungu. Ni nani atakayelima na kufanya hesabu za kugawanya katika hali hiyo?

Dawa yake ni rahisi: kidonge cha albendazole, kinachogawiwa pia mashuleni. Lakini bila choo kizuri minyoo hurudi. Na juu ya viatu twaomba ruhusa ya kusema neno: kwetu viatu ni vya Dominika. Huenda Misa vikang'aa, kisha hurudishwa chini ya kitanda, na kuanzia Jumatatu miguu mitupu yaingia shambani. Bwana Mungu hatakasirika akiviona viatu vile vimechakaa.

Kwa nini damu ikipungua mtu huchoka? Chembe nyekundu za damu ni kama wapagazi. Huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo, na mpagazi hawezi kubeba mzigo huo pasipo chuma kidogo sana kilichomo ndani yake. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha mwili hutengeneza nyingine. Chuma kikikosekana, wapagazi huwa wachache, nao moyo hupiga mbio ili kuwazungusha upesi. Ndiyo sababu mtu huyo huhema akipanda kilima kidogo, kichwa humzunguka akisimama, na usingizi haumsaidii kitu. Mtazameni ndani ya kope la chini, na viganja vya mikono: vimepauka. Wengine hutamani kula udongo, hasa akina mama wenye mimba. Msiwacheke, mara nyingi tamaa hiyo huambatana na upungufu wa chuma katika damu.

Hapa twataka kusema na akina baba. Mama hupoteza damu kila mwezi, hupoteza nyingine akizaa, na mtoto aliye tumboni huchukua chuma chake kwa mama. Halafu chakula chaiva. Samaki ni wa baba, kipande cha nyama ni cha baba na mgeni, na mama hula mwisho, bugali na mchuzi uliobaki sufuriani. Tumeona hivyo katika nyumba nyingi, hata katika nyumba za Wakristo hodari, na hakuna anayeona haya. Sombe, lengalenga na maharagi vina chuma, ndiyo, lakini mwili hupokea kidogo tu cha chuma cha majani na mbegu. Ndakala au sambaza wachache katika sombe, au kipande cha ini, husaidia sana. Hali kadhalika chungwa, pera au ndimu wakati wa chakula huusaidia mwili kupokea chuma. Chai na kahawa hukizuia. Afadhali zinywewe saa moja au mbili baada ya kula. Baba atakayesukuma sahani ya samaki upande wa mkewe atakuwa amemtibu kuliko mwenye kumnunulia sokoni chupa ya kinywaji chekundu. Wekundu wa kinywaji haugeuki kuwa damu, na wauzaji wengine wanajua vema.

Mama mwenye mimba apimwe kliniki, aanze mapema vidonge vya chuma na foliki, na alale ndani ya chandarua. Malaria huvunja wapagazi wale kwa maelfu na maelfu, na nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nijeria, kwa wingi wa malaria. Mtoto aliyeugua homa mara tatu katika miezi michache, msishangae akichoka.

Kuna jamaa ambazo upungufu wa damu wa mtoto hauponi kwa chakula wala kwa vidonge vya chuma. Mtoto huumwa na mifupa, macho huwa ya manjano. Huenda ni ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi kwetu huuita SS: chembe zake hupindika kama mundu na huishi siku 10 au 20 tu. Mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili. Basi msimtafute mchawi, wala kumfukuza mama kana kwamba yeye peke yake ameleta balaa. Kipimo kipo, na matunzo mema humwezesha mtoto kusoma na kukua.

Magonjwa mengine twayapitia kwa haraka. Mwenye uchovu pamoja na kiu nyingi na mkojo mwingi apimwe sukari. Mwenye uchovu, baridi isiyokwisha na rovu shingoni, huenda amekosa madini ya joto, yaani iyodi. Ugonjwa huo ulienea zamani katika kisiwa cha Idjwi, kwenye ziwa Kivu, ambako madaktari waliuchunguza katika miaka ya 1960, na chumvi yenye iyodi ndiyo kinga yake. Mwenye kukoroma sana, kisha kukatika pumzi usingizini na kushtuka, halali kweli ingawa yuko kitandani saa 9. Wanaoingiza jiko la makala chumbani kwa ajili ya baridi ya usiku, wakaamka na kichwa kizito, walitoe usiku huohuo: hewa yake isiyo na harufu hukalia nafasi ya oksijeni katika damu, na jamaa zima laweza kufa limelala. Uchovu pamoja na kukonda huweza kutokana na Ukimwi pia. Kipimo chake kisiogopwe, maana dawa zipo na watu huishi nazo miaka mingi.

Juu ya kifua kikuu tuna mfano wa kupendeza. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, aliyefanywa msimamizi wa misioni mwaka 1927, aliandika bila kuficha kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisinzia katika sala. Hakukata tamaa, alijisemea kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakilala kama wakiwa macho. Mwaka 1896 alianza kutema damu, na mwaka 1897 alikufa kwa kifua kikuu, ana umri wa miaka 24. Zama zake hakukuwa na dawa. Sasa ipo, na mwenye kukohoa zaidi ya majuma mawili, huku anachoka na kutoka jasho usiku, apeleke makohozi yake yapimwe.

Wazee wetu wakisikia habari ya kusinzia mchana hukumbuka malale, na wana haki. Mbung'o humwambukiza mtu, homa na maumivu ya kichwa hufuata, tezi huvimba nyuma ya shingo, na baadaye usiku hugeuka mchana: mgonjwa hukesha gizani na kusinzia juani. Mwaka 1998 waligunduliwa katika Kongo wagonjwa zaidi ya 26,000. Mwaka 2018 vilikubaliwa vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwetu na madaktari Wakongo pamoja na wenzao, na wagonjwa wengi hupona kwa kuvimeza siku 10 badala ya sindano nyingi. Tangu mwaka huo wagonjwa wapya wa duniani kote hawajafika 1,000 kwa mwaka. Lakini malale haijaisha katika Kwilu, Mai-Ndombe na sehemu za Maniema. Timu ya wapimaji ikifika kijijini, msijifiche porini.

Uko tena uchovu usio wa damu. Wengi wa Kivu na Ituri wameona waliyoyaona, wamezika waliowazika, wamekimbia na godoro kichwani. Mtu wa namna hiyo hulala, na kulala kwake hakumpumzishi. Chakula hakina ladha, sala ni kavu. Nabii Eliya alifika hapo. Aliketi chini ya mti jangwani, akaomba kufa, akalala. Malaika alipomgusa hakumkemea wala hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu ya kwenda siku arobaini. Mwenye huzuni ya majuma mengi asiachwe peke yake nyumbani. Aongozwe kwa mtu wa kumsikiliza, na kwa mganga pia, na akisema anatamani kufa, apelekwe siku hiyohiyo.

Mkienda kwenye kituo cha afya, msiseme tu "mwili hauna nguvu," maana mganga husikia hilo mara hamsini kwa siku. Semeni ni tangu lini, ni saa ngapi mtu hulala, kama ana homa, kikohozi, kiu, au damu nyingi mwezini. Twajua kipimo chauzwa na fedha ni haba. Ikiwa zatosha kipimo kimoja tu, ombeni ushauri juu ya kipimo cha wingi wa damu. Bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya zile chupa nyekundu.

Na mama akipewa vidonge vya chuma, asiviache anapojisikia vizuri baada ya majuma machache. Kwa kawaida matibabu huendelea miezi mitatu au zaidi, mpaka akiba ya mwili ijae. Choo kitakuwa cheusi: si ubaya. Tumbo likisumbua, avimeze pamoja na chakula, lakini si pamoja na chai. Vidonge hivyo, kwa kuwa vingine ni vyekundu na vitamu kama peremende, vifungiwe sandukuni juu, maana mtoto mdogo akimeza vingi aweza kufa.