Aproni Iishie Mlangoni mwa Jiko

Mwaka jana nilikwenda stesheni ya Tabora kumpokea mke wa mwanangu aliyekuja likizo na wajukuu. Nyuma yao aliteremka msichana wao wa kazi, mtoto mgongoni, begi mkononi, na kifuani amevaa aproni ya buluu. Nilidhani amesahau kuivua. Siku ya tatu tukaalikwa harusi kwa jirani. Wanawake wote wa nyumbani kwangu walishona sare ya kitenge. Yule binti akaja na aproni yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Nikamwuliza mkwe wangu, "Mama, huyu mwenzako anapika nini hapa ukumbini?" Akacheka. "Baba, nisipomvalisha hivyo watu watadhani ni mdogo wangu."

Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kosa. Leo nasema.

Sina ugomvi na aproni yenyewe. Mchomelea vyuma asiyejikinga kwa aproni ya ngozi ataungua na cheche. Mwenye bucha anaihitaji, na mpiga picha za eksirei huvaa ile nzito ya risasi ili miale isimdhuru. Hizo ni nguo za kumlinda anayefanya kazi. Kazi ikiisha, zinatundikwa msumarini.

Wala jambo hili si geni kwetu, ingawa neno tumelipata kwa Waingereza. Mababu zetu wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo na mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja. Richard Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwaka 1857, aliandika kwamba mvua iliponyesha wapagazi walivua ngozi ya mbuzi waliyoivaa, wakaikunja na kuiweka kati ya bega na mzigo. Mtu alikubali kulowa mwili ili bega lisichubuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua nguo yake ifanye kazi gani.

Mama yangu naye aliuza mihogo na mayai ya kuchemsha kwa abiria wa treni. Asubuhi alijifunga kibwebwe kwa kanga kuukuu, akashika moto, majivu na mafuta. Treni ikiondoka alikifungua, akakung'uta kanga, akajitanda, akaenda msibani au mkutanoni kama mama mwingine yeyote. Ndiyo maana mpaka leo tukitaka kusema mtu amekaza nia, tunasema amejifunga kibwebwe. Amejifunga mwenyewe, kwa kazi aliyoikubali. Yule binti hakujifunga. Alifungwa, na kwa ajili ya macho ya watu wengine.

Msomaji atasema kwamba hata misafara ilikuwa na nguo za vyeo. Ni kweli. Kirangozi alitangulia mbele na joho jekundu ili aonekane. Nguo pia ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile: merikani kutoka Marekani na kaniki kutoka India, zikipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na wao walivaa walichopewa na bwana. Kule Unguja merikani na kaniki zilikuwa ndizo nguo za watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake waliokombolewa waliiacha kaniki, wakajinunulia kanga za rangi kwa fedha zao. Walijua vizuri kilichoandikwa katika kitambaa kile cheusi. Je, sisi wajukuu wa njia ile hatujui tunachoandika katika kifua cha mtoto wa mwenzetu?

Wapo watakaosema ni usafi. Usafi gani huo, ukumbini, penye pilau iliyopikwa na wengine? Wapo watakaosema ni sare, mbona wahudumu wa hoteli wanavaa? Mhudumu wa hoteli huivaa zamu yake, akaiacha kazini, akarudi kwao na gauni lake. Yule binti analala nyumba ile ile anamofanyia kazi. Ukimvalisha aproni sokoni, kanisani na harusini, umemnyima saa ya kurudi kwao. Hata akiwa amekaa kitako, watu wanamwona yuko kazini, na mgeni yeyote anajiona ana haki ya kumtuma maji.

Kinachoniuma zaidi ni hofu iliyomo katika lile jibu: kwamba watu wangedhani ni mdogo wake. Na wangedhani hivyo, hasara ingekuwa ipi? Binti yule anajua mjukuu wangu anaamka saa ngapi usiku na anaogopa nini. Mtu unayemkabidhi mwanao kutwa nzima, unaona aibu kufananishwa naye kwa saa tatu za harusi?

Mkwe wangu nimekwisha kumwambia haya, na bado hatujaelewana. Nitaendelea kumwambia. Nawe msomaji, kama nyumbani kwako kuna aproni ya namna hiyo, itundike jikoni, na akiivaa leo binti kwa ajili ya masufuria, ivae wewe kesho kwa masufuria hayo hayo. Na siku ya harusi, unapokwenda dukani kuhesabu vitenge vya sare, mhesabu na yeye.