MUUGUZI ANAYERUDI NYUMBANI ASIFUNGIWE MLANGO



Limezuka katika vikao vyetu neno ambalo hatuwezi kulinyamazia. Inaposikika kwamba binti wa Kilwa aliyefanya kazi ya uuguzi ng'ambo kwa miaka mingi anataka kurudi wodini nyumbani, wapo wanaosema: "Alitukimbia, na akae hukohuko." Neno hili si la haki. Wala halimfai hata huyo anayelisema, kwani siku mkewe atakaposhikwa na uchungu usiku wa masika hapa Mitole, hatauliza mikono inayompokea mtoto ilifanya kazi nchi gani.

Kwanza tuulize ni nani aliyemkimbia mwenzake. Kuanzia mwaka 1993 Serikali, katika masharti ya mageuzi ya uchumi, ilisitisha ajira mpya kwa miaka kadhaa. Wauguzi waliosomeshwa kwa kodi ya mkulima wa korosho walitoka chuoni na vyeti mkononi wakakuta hakuna kiti. Wako walioishia nyuma ya kaunta za maduka ya dawa, na wako waliovuka mipaka hadi Botswana, na baadaye Uingereza. Njia iliyofunguliwa wakati ule haikuota nyasi hata ajira ziliporudi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, hakuficha kwamba kuondoka kwa mfanyakazi ni hasara kwa nchi yake. Lakini alifundisha kwamba mtu anayo haki ya kuondoka kutafuta maisha bora, na anayo pia haki ya kurudi. Nusu ya kwanza ya fundisho hilo twaikumbuka sana tunapowatafutia watoto wetu pasi za kusafiria.

Hatusemi kwamba arudi leo na kesho ashike sindano. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inakataza mtu kufanya kazi hiyo bila leseni ya Baraza, na inakataza kwa haki. Tuchukue mfano wa aliyeondoka mwaka 2005 akiwa na miaka 28. Wakati ule malaria ilitibiwa kwa SP. Dawa ya mseto ilikuwa bado haijafika zahanati. Mama mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI alipewa kidonge cha nevirapini anaposhikwa na uchungu. Siku hizi huanzishiwa dawa za maisha mara anapogundulika. Muuguzi wa namna hiyo, hata akiwa hodari kiasi gani huko alikotoka, yampasa kujifunza upya mengi ya hapa. Mgonjwa wa Mitole, Mwislamu au Mkristo, anastahili muuguzi aliyepimwa.

Ugomvi wetu ni na kile kinachofuata. Mwanamke huyo sasa amevuka miaka 45. Matangazo ya ajira za Serikali kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi umri huo. Hesabu yake twaiona: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Basi mwenye miaka 48 hana nafasi ya kuitimiza. Lakini tangu lini kumkosesha mtu pensheni kukawa sababu ya kumkosesha mgonjwa muuguzi? Mtu huyu anayo miaka 12 ya kazi mwilini mwake. Apewe mkataba wa muda, alipwe kwa kiwango cha ujuzi wake, na mambo ya mafao yatafutiwe njia yake.

Tena tazameni wanavyofanya wale wanaotuchukulia watu. Uingereza humdai muuguzi masaa 450 ya kazi katika kila miaka 3 ili abaki katika daftari. Asipoyatimiza hafukuzwi moja kwa moja: ipo kozi maalumu ya kurejea kazini, au mtihani wa kuthibitisha uwezo. Yaani nchi yenye uwezo wa kuajiri kutoka pembe zote za dunia haikubali kumpoteza hata mmoja wake aliyekaa nyumbani kulea. Sisi wenye upungufu ndio tunaochagua. Kanuni za Shirika la Afya Duniani kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya kimataifa, zilizopitishwa mwaka 2010, zilizitaka nchi wanachama kurahisisha kwenda na kurudi kwa wahudumu, ili ujuzi ufaidiwe pande zote mbili. Kwenda kumerahisishwa vya kutosha.

Wala tusiinyoshee kidole Serikali peke yake. Kanisa lina hospitali na zahanati zake, na kwa watumishi linaowaajiri lenyewe halina sababu ya kujificha nyuma ya kikomo hicho cha umri. Tunaposema "hatuna fungu", tujiulize ni mafungu mangapi tumeyapata kwa ajili ya kuta na minara.

Kwa hiyo twadai mambo haya. Mazoezi chini ya usimamizi kwa muuguzi anayerudi yafanyike karibu, Kinyonga pale Kilwa Kivinje au Nyangao, asilazimike kupanga chumba Dar es Salaam kwa miezi akiwa hana mshahara. Halmashauri ya Wilaya iwapokee kwa mikataba wale waliovuka umri. Na maneno ya "alitukimbia" yakome katika jumuiya zetu. Mama aliyepakiwa kwenye pikipiki kutoka hapa kuelekea Nangurukuru, damu ikimtoka, hana nafasi ya kusubiri tumalize kinyongo chetu.

Kila jumuiya ilijadili jambo hili katika mkutano wake ujao. Iandike ni familia zipi zina muuguzi aliyerudi au anayetaka kurudi, na kwa ridhaa yake mwenyewe jina lake lifikishwe kwa katibu wa Haki na Amani wa parokia. Tutakwenda nayo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya tukiwa na majina.