Hadithi za Kutisha: Huyo Jini Si Angesubiri Kwanza?

Kuna mwenye peji mmoja wa Kibaha, jina linabaki kapuni, kila usiku anatupia kisa cha kutisha. Watu wanampenda kinoma. Mstari wa tatu tu, bibi mwenye macho mekundu kashatokea msitu wa Kazimzumbwi kule Kisarawe. Mstari wa tano mtu kafa. Halafu: "Laiki 500 nilete sehemu ya pili." Asubuhi kwenye daladala za Maili Moja vijana wanasimuliana hayo hayo.

Shida siyo laiki. Kisa cha haraka kinataka mchawi wa haraka, na huyo siku zote ni yule yule: mwanamke, mzee, macho mekundu. Macho yenyewe mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo, hasa Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo siyo utani tu wa kupitishia foleni ya Kibamba.

Riwaya inayotisha kweli inakuchelewesha. Unamshuku huyu, kesho yule, na hofu inapanda taratibu bila mtu kupiga kelele.

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, kitabu cha mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, sehemu ambayo watu wanaiogopa toka enzi. Wa peji zetu angeita jini fasta. Huyu anamleta Bwana Msa na kiko chake, anauliza vitu vidogo vidogo, na taratibu ubaya unahama kutoka kwenye mzimu kuja kwa binadamu, watu wanaojuana kabisa.

Haini ya Shafi Adam Shafi (2003) ndiyo kiboko. Kiongozi wa nchi ameuawa, watu wanakamatwa, mtu yuko ndani anasubiri na hajui kinachomsubiri. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini Zanzibar baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na inaonekana: hofu ya kitabu kile siyo ya kubuni mezani. Usiku ukiwa peke yako, kiache kwanza.

Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ina marehemu anayerudi kweli, ila wa kuogopwa zaidi ni mjukuu wake, kigogo. Nagona ya Kezilahabi inasifiwa sana na wasomi, sawa, lakini ukiisomea kwenye daladala utashuka kituo kisicho chako.

Ambayo mwenye peji angeanza nayo ni Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya 1977. Kijana anarithi uchawi kutoka kwa baba yake. Yaani hapo uchawi hauko kwa bibi wa nyumba ya pili, uko kwa mtu ambaye msomaji anatembea naye kuanzia mwanzo, na kumtupia mawe siyo rahisi tena.

Kipaji jamaa anacho, na msitu uko jirani yake. Kazimzumbwi umeliwa na wachoma mkaa miaka na miaka, magunia yanaingia Dar, miti inapungua, na anayekata anajulikana mtaani na hasemwi. Hapo kuna sehemu ishirini nzima kabla hata mtu hajafa.