Kilio Kisichofichua: Lugha, Unga na Kibali cha Mazishi Kibera na Kabiro

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii imepata mpinzani katika vijiji vya Kibera na katika mitaa ya Kawangware, Kabiro ikiwemo. Huko kijana huweza kufa kwa sababu ya unga, kilio kikapigwa, mchango ukachangwa, mwili ukasafirishwa magharibi ya nchi au ukazikwa Lang'ata, na maradhi yenyewe yasifichuke. Karatasi ikasema nimonia, au ikasema ugonjwa wa ghafla. Makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo si la madaktari na polisi pekee. Ni kosa la lugha pia, na kwa hiyo linawahusu wasomi wa Kiswahili.

Nchini Kenya, mtu akifia hospitalini, daktari hujaza fomu iitwayo D1. Akifia nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu, ambaye hujaza D2 kwa kutegemea maelezo ya jamaa, na kibali cha mazishi kikatolewa. Naibu wa chifu hana maabara. Ana kalamu na maneno aliyoambiwa. Polisi wakishuku jambo, mwili hupelekwa mochari ya serikali na upasuaji ukafanywa. Sheria ya mwaka 2017 ilikusudia kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, lakini utekelezaji wake ulisuasua katika miaka iliyofuata. Vifo vingi vya mitaani, basi, huishia mezani pa naibu wa chifu.

Mchunguzi aliyehitimu angetafuta nini? Kwanza angetazama mahali penyewe: bomba la sindano, kipande cha karatasi ya fedha kilichoungua, kete tupu. Angetazama povu mdomoni na puani. Kisha angechukua damu ya paja, mkojo na maji ya jicho kwa uchunguzi wa kikemia. Heroini haikai mwilini; kwa dakika chache hugeuka kuwa kemikali nyingine, na hiyo nayo hugeuka kuwa mofini. Mofini peke yake haitoshi kuwa ushahidi, maana huenda marehemu alipewa hospitalini kutuliza maumivu. Ni ile kemikali ya katikati inayoithibitisha heroini. Huko Marekani, ambako vifo vya kuzidisha dawa vilipita 100,000 kwa mwaka kati ya 2021 na 2023, hesabu hiyo iliwezekana kwa kuwa wachunguzi walipima na kutaja dawa kwa jina katika cheti cha kifo. Hata huko, kwa miaka mingi vyeti vingi viliandika "dawa" tu bila kusema ni ipi.

Vipimo hivyo ni ghali, na hakuna atakayevitarajia kwa kila maiti wa Kabiro. Ipo njia nyingine, nayo ni ya maneno matupu: mahojiano na jamaa juu ya dalili alizokuwa nazo marehemu. Watafiti wa APHRC wameitumia Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. KEMRI nayo imefuatilia maradhi ya kuambukiza nyumba kwa nyumba Kibera, katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kuinua kichwa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, inayotumiwa katika mahojiano ya aina hii, ina fungu moja la sumu iliyomdhuru mtu kwa bahati mbaya. Unga hauna fungu lake. Na hata ungekuwa nalo, je, swali lingeulizwa kwa maneno gani?

Mtu aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni hupumua polepole, kisha hukoroma. Ni mkoromo mzito, wa kukatikakatika, nao ni dalili ya njia ya hewa inayoziba. Walio chumbani huusikia na kufurahi kwamba hatimaye amepata usingizi. Asubuhi husema, "Alilala tu, hakuamka." Sentensi hiyo imebeba ushahidi wote, lakini hakuna fomu inayoupokea. Mhojaji akiuliza, "Marehemu alikuwa akitumia dawa za kulevya?" mama mzazi atajibu hapana, na ni nani atakayemlaumu? Swali lina harufu ya kituo cha polisi.

Msamiati wenyewe umejaa hukumu. Tazama neno teja. Mteja ni mtu, yumo katika ngeli ya watu na heshima yake. Ondoa kiambishi, mpeleke kwenye wingi wa mateja, na mara amekuwa kitu kikubwa kisichopendeza. Kasumba nalo hutajwa kila siku katika mihadhara kwa maana ya fikra za kikoloni, hata wengi wamesahau kwamba ni jina la afyuni. Kwa kifo chenyewe hakuna istilahi inayokubalika. Vijana husema fulani "alizidisha", gazeti huandika "dozi kupita kiasi", naye daktari hurejea Kiingereza chake.

Atatokea wa kusema kwamba maiti husitiriwa, na kwamba wafu waachwe. Hoja hiyo ni nzito; miongoni mwa Wanubi wa Makina, kwa mfano, maziko ya Kiislamu hayangoji. Lakini kuhesabu si kutangaza. Mahojiano yanaweza kufanywa wiki kadhaa baada ya matanga, jina likabaki nje ya hesabu na kibali kikawa kimetolewa zamani. Na hasara ya kutohesabu huwaangukia walio hai. Mnamo Novemba 2000, pombe ya kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Mukuru na mitaa jirani, na nchi nzima ikatikisika kwa sababu walikufa pamoja. Wa unga hufa mmoja mmoja. Naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidiwa, hupelekwa penye takwimu. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Mathari mwishoni mwa mwaka 2014, na dawa hiyo hunywewa kila siku. Kutoka Kabiro hadi Mathari ni kuuvuka mji, na nauli ni ya kila siku pia.

Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na rafu zimejaa tahakiki za riwaya zilezile. Mmoja wao angeweza kuketi na wahudumu wa afya wa mtaa huko Kabiro, akakusanya maneno ambayo watu hutumia kueleza usiku wa mwisho wa ndugu yao, akajaribu maswali yasiyoshtaki. Anaweza kuanza na hili: "Je, usiku ule alikoroma kuliko ilivyo kawaida yake?"