TAMKO KWA UMMA KUHUSU KAMERA NDOGO ZINAZOBANDIKWA NJE YA HELIKOPTA NA NDEGE NDOGO



Chama chetu kinawaunganisha marubani na wahandisi wa ndege ndogo wanaofanya kazi katika uwanja wa ndege wa Moshi na ule wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Tumekutana na kukubaliana kwa kauli moja kwamba kuanzia leo hakuna mwanachama wetu atakayerusha helikopta au ndege yenye kamera iliyobandikwa nje, isipokuwa iwe imefungwa kwa kibanio kilichoidhinishwa, na mhandisi mwenye leseni awe ametia saini katika kitabu cha matengenezo. Mgeni awe amelipa kiasi gani, msimamo wetu ni huo.

Hatupingi picha. Mlima Kilimanjaro umepigwa picha kutoka angani tangu Januari 1930, Mswisi Walter Mittelholzer alipokizunguka kilele chake cha Kibo kwa ndege yake. Picha za angani zimewasaidia wataalamu kupima jinsi barafu ya kileleni inavyotoweka: kati ya 1912 na 2011 ilipungua kwa takriban asilimia 85. Kazi hiyo iendelee. Tunachokataa ni hiki kinachofanyika sasa, cha mtu kufika uwanjani na kamera inayoenea kiganjani, akaibandika kwa kikombe cha mpira kwenye bawa au kwenye miguu ya helikopta dakika chache kabla ya kuruka, akaongezea selotepu juu, akasema imeshika.

Imeshika pale chini. Kile kikombe cha mpira hakina gundi. Kinachokikandamiza ni hewa ya nje. Mtu akikibandika Moshi, kwenye mita zisizofika 900, anaweza kukivuta kwa mikono miwili kisibanduke. Lakini juu ya Kibo, kwenye mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa pwani, na kikombe kilekile kimepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Baridi nayo imeukakamaza mpira, upepo unaisukuma kamera na chombo kizima kinatetemeka. Zile za kubandika kwa gundi hazina nafuu kubwa, kwa kuwa nyingi hulegea kwenye baridi kali, hasa zikibandikwa juu ya vumbi.

Ikibanduka inaenda wapi? Kwenye helikopta, kitu kinachochomoka mbele au kwenye miguu hurushwa nyuma, na nyuma ndiko liliko pangaboi la mkia. Pangaboi hilo likivunjika, helikopta huzunguka yenyewe na rubani hubaki na nafasi ndogo sana ya kuizuia. Kwenye ndege ndogo kama Cessna, kamera ya bawani inaweza kugonga mkia. Hata isipochomoka, ikikaa karibu na bomba la kupimia mwendo huvuruga hewa, rubani akasoma mwendo usio wa kweli. Ikikaa karibu na dira, inaipotosha.

Tena chini yetu kuna watu. Kutoka Machame, Kibosho na Uru hadi Marangu, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinapakana na kihamba. Chini ya ile migomba kuna mama anayechuma kahawa na watoto wanaotoka shule. Juu zaidi, kwenye kambi za Barafu na Karanga, kuna wapagazi waliokwishabeba mizigo yao na hawakuomba mzigo wa kudondoshewa kutoka angani.

Hatari haiko nje tu. Machi 2018, New York, helikopta ya AS350 iliwapeleka abiria kupiga picha milango ikiwa wazi. Mkanda wa abiria mmoja ulinasa kwenye mkono wa kukatia mafuta ulioko sakafuni, injini ikazima, helikopta ikaangukia mtoni. Abiria wote 5 walikufa maji, wamefungwa kwenye mikanda waliyovalishwa kwa ajili ya usalama wao. Helikopta za H125 zinazoruka Kilimanjaro ni za ukoo huohuo.

Hapa kwetu, Januari 1959, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na kuwapiga filamu, alikufa baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Novemba 2008 ndege ndogo ilianguka upande wa Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro, watalii 4 wa Italia wakafariki. Mkesha wa Krismasi 2025 tuliwapoteza watu 5 katika helikopta iliyokuwa kwenye uokoaji karibu na kambi ya Barafu. Hatudai kwamba kamera ilihusika katika misiba hii, na tunaomba mtu yeyote asitusemee hivyo. Tunaitaja kwa sababu sisi tunaoruka hapa tunajua mlima huu hauachi nafasi ya kurekebisha kosa. Hewa ni nyepesi, nguvu ya akiba ya injini ni ndogo, na mawingu hufunga ghafla.

Tunazitaka kampuni za utalii ziache kuuza safari kwa ahadi ya video ya nje ya chombo ambacho hakijafungwa vibanio halali. Kibali cha kupiga filamu ndani ya hifadhi hakimpi mtu ruhusa ya kubadili umbo la ndege. Hilo ni suala la mhandisi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mamlaka yenyewe tunaiomba itoe mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu kamera hizi, ubandikwe kila kiwanja kidogo nchini.

Wageni wetu wanakaribishwa na kamera zao ndani, mkononi, zikiwa na mkanda mfupi usiofika kwenye vyombo vya rubani. Kamera itakayokutwa nje itabanduliwa na fundi kabla ya injini kuwashwa, akabidhiwe mwenyewe.

Kwa marubani vijana: tunajua ugumu wa kumkatalia mgeni bosi akiwa amesimama pembeni. Kataeni. Atakayetishiwa kazi kwa sababu hiyo amwone katibu siku hiyohiyo. Chama kitakwenda naye mbele ya mwajiri wake.

Imetolewa Moshi na Kamati Tendaji ya Chama.