Nta ya Chicago, 1893

Mtunzi wa muziki Mfaransa Debussy aliisikia gamelan ya Java, kundi la ala za kugongwa kama gongo, kwenye Maonyesho ya Paris ya 1889, nayo ikamkaa moyoni. Chicago ilipata bahati zaidi: mwaka 1893 mtafiti Mmarekani Benjamin Ives Gilman alipeleka fonografu, mashine ya kurekodi sauti, kwenye maonyesho ya huko, akawanasa wanamuziki wa Java, Samoa, Fiji na Uturuki, pamoja na Wakwakwaka'wakw wa Kanada, katika silinda 101 za nta.

Kila silinda ilibeba dakika chache tu, na sindano iliikwaruza nta kila ilipochezwa. Kuna mikwaruzo, ndiyo, lakini asikilize mtu kwa utulivu! Hizo ni miongoni mwa rekodi za kale kabisa za muziki wa Java.

Kinachouma ni kwamba jina la Gilman hutajwa kila mara, lakini majina ya waimbaji ni nadra kutajwa.